Sumu ya betri huamuliwa kiwandani kabla ya kufika Unguja

BETRI ya pikipiki au bajaji ya umeme haitoi moshi barabarani, lakini ndani yake mna kemikali zinazoweza kudhuru watu na ardhi.

Kwa Unguja jambo hilo ni zito. Sehemu kubwa ya kisiwa ni mawe ya matumbawe, yanayopitisha maji ya mvua haraka hadi chini ya ardhi. Maji hayo ndiyo yanayochotwa visimani na kwenye chemchemi, zikiwamo za Mtoni na Bububu.

Madhara yake yameshaonekana katika mwambao huu. Mjini Mombasa, katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu ya madini ya risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya, na Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo mwaka 2024.

Betri za risasi na tindikali bado hutumika katika baadhi ya bajaji za umeme za bei nafuu. Kuziacha na kutumia za lithiamu ni hatua ya kwanza ya kupunguza sumu.

Hata hivyo, betri za lithiamu nazo hutofautiana. Nyingi huwa na nikeli na kobalti, madini yenye sumu, katika ncha chanya. Mwaka 1997 kundi la John Goodenough wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, lilieleza ncha ya chuma na fosfati isiyohitaji madini hayo. Aina hiyo pia si nyepesi kushika moto.

Aidha, katika kutengeneza ncha hasi, viwanda vingi sasa hutumia maji badala ya kiyeyushi kinachoweza kudhuru mimba.

Pamoja na hayo, sumu haijaisha. Chumvi iliyomo katika kimiminika cha betri ina florini, na betri ikiungua hutoa gesi kali, hatari kubwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe.

Tena, betri isiyo na kobalti wala nikeli haina thamani kubwa kwa wanunuzi wa chakavu, hivyo ni rahisi kutelekezwa. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anapaswa kuuliza mambo mawili kabla ya kulipa: betri imetengenezwa kwa nini, na ikichakaa nani ataichukua.