Taa Zikizimwa Bwenini

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Machi 26, 2001, wavulana wa Shule ya Upili ya Kyanguli, wilayani Machakos, Kenya, walikuwa wamelala katika bweni lenye milango miwili. Mmoja ulikuwa umetiwa kufuli. Madirisha yalikuwa na vyuma. Petroli ikamwagwa ndani, moto ukawashwa, na wavulana 67 wakapoteza maisha. Miili mingi haikutambulika, ikazikwa katika kaburi la pamoja kwenye ardhi ya shule.

Waliofikishwa kizimbani kwa mauaji hayo hawakuwa majambazi kutoka mbali. Walikuwa wanafunzi wawili wa shule hiyohiyo, wenye umri wa miaka 16.

Makueni, wilaya jirani, wakati huo ilikuwa haijafikisha hata miaka kumi tangu imegwe kutoka Machakos mwaka 1992. Ramani ilikuwa imebadilika, lakini watu walibaki walewale: ukoo mmoja, masoko yaleyale, shule zilezile. Ukivuka mto Athi na uwanda wa Yatta uko Kitui, ambako nako kila kijiji kina nyumba iliyomsindikiza mtoto shule ya bweni na sanduku la bati, godoro na ndoo. Ndiyo maana msiba wa Kyanguli haukukaa Machakos. Uliliza Ukambani nzima, nchi ya Wakamba, kwa sababu hakukuwa na mzazi aliyeweza kusema mwanawe analala mahali tofauti sana na pale.

Robo karne imepita na swali bado limesimama. Mvulana aliyekula githeri na wenzake jioni, akakaa nao darasani kusoma hadi usiku, anafikaje mahali pa kuwamwagia petroli wakiwa usingizini?

Watu wazima wamekuwa na majibu ya haraka. La kwanza lilikuwa shetani. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada za kishetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ilipotolewa mwaka 1999 shule zilitajwa miongoni mwa mahali ambapo ibada hizo zilidaiwa kupenya. Jibu la pili ni mihadarati. La tatu, ambalo halijawahi kuzeeka, ni kiboko. Mwaka huohuo wa Kyanguli, waziri wa elimu Kalonzo Musyoka, mwana wa Kitui, aliondoa kanuni zilizoruhusu viboko shuleni kupitia Tangazo la Kisheria nambari 56 la 2001. Tangu hapo, kila bweni likiungua husikika mtu akisema watoto wameharibika kwa kukosa fimbo.

Tarehe zenyewe zinakataa hoja hiyo. Julai 13, 1991, wavulana wa Shule ya Mseto ya St. Kizito, Meru, walivamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa na 71 wakabakwa. Kiboko kilikuwapo. Mwaka 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne katika vyumba vyao usiku, wakawamwagia petroli na kuwachoma. Kiboko kilikuwapo. Kyanguli nayo iliungua katika mwaka uleule kiboko kilipoondolewa, kabla ya mwanafunzi yeyote wa Kenya kukulia shule isiyo na fimbo. Unyama mbaya zaidi kuwahi kufanywa na watoto katika shule za nchi hii ulifanywa na watoto waliolelewa fimbo ikiwa mezani.

Kuna maelezo mengine yanayopendwa na wasomi, kwamba mtoto akiachwa peke yake huvua ustaarabu mapema kuliko anavyovua sare. Mwaka 1954 mwandishi Mwingereza William Golding, aliyekuwa mwalimu wa shule, alichapisha riwaya ya wavulana walioachwa kisiwani bila mtu mzima, wakaishia kuuana. Ni riwaya nzito, lakini ilitungwa mezani. Miaka kumi na mmoja baadaye jambo lenyewe lilitokea. Mwaka 1965 wavulana sita wa Tonga, katika bahari ya Pasifiki, walitoroka shule yao ya bweni kwa mashua waliyoiiba, dhoruba ikawatupa kwenye kisiwa kisicho na watu kiitwacho ‘Ata. Nahodha Peter Warner kutoka Australia aliwakuta mwaka uliofuata, baada ya miezi 15 hivi. Walikuwa wamelima bustani na kugawana zamu za kazi. Mmoja alipovunjika mguu, wenzake waliunganisha mfupa kwa vijiti na kumfanyia kazi zake hadi akapona. Waliwasha moto mmoja na wakaulinda usizimike zaidi ya mwaka mzima.

Wala hakuna haja ya kwenda Pasifiki kuutafuta ushahidi. Wakamba wa zamani walikuwa na syengo, kambi za mifugo za mbali nyikani, ambako vijana na wavulana walikaa kwa misimu wakichunga ng’ombe na mbuzi mbali na mama zao. Kulikuwa na njaa, simba na wezi wa mifugo. Lakini mvulana hakuwa mfungwa wa mvulana mwenzake. Alijua ni ndugu wa nani, kazi yake ilikuwa na maana kwa ukoo mzima, na akirudi nyumbani aliketi thome, kwenye moto wa wazee, ambako mambo ya kambini yalielezwa na kuamuliwa. Umbali peke yake haukumgeuza mtu kuwa mnyama.

Kyanguli, kwa upande wake, haikuwa kisiwa. Kulikuwa na mwalimu mkuu, naibu wake, kengele, ratiba na daftari la majina. Watoto wale hawakukosa watu wazima. Walichokosa ni mtu mzima wa kuambiwa jambo na akasikia.

Shule za bweni zilienea Kitui na Makueni kwa sababu za msingi kabisa. Kitui ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 30,000, eneo linaloizidi nchi nzima ya Rwanda, na sensa ya 2019 iliwahesabu humo watu 1,136,187 tu. Nyumba zimetawanyika, mito ni ya msimu, na ukame ukikaza mtoto hutumwa maji kabla ya kutumwa shule. Makueni ni ndogo zaidi, lakini vilima vya Mbooni na Kilungu si mahali pa kumtembeza mtoto gizani. Wamisionari wa Africa Inland Mission walijenga shule Mulango, Wakatoliki wakajenga Muthale, na majina kama Kitui School, Makueni Boys, Mukaa na Precious Blood Kilungu yakawa ndoto ya kila mzazi anayeuza mbuzi kulipa karo. Bweni lilimpa msichana wa Mutomo au Kibwezi saa za kusoma ambazo nyumbani angezitumia kuchota maji na kupika. Yeyote anayeyalaani mabweni yote kwa pumzi moja hajaijua nchi hii kavu.

Tatizo liko kwenye saa ambazo ratiba haizioni. Taa zikizimwa, mwalimu anayelala nyumba ya walimu huacha nyuma yake serikali ya watoto. Kidato cha nne ndio wenye nchi. Viranja ndio polisi wake. Mwanafunzi mpya, mono, ndiye raia asiye na haki: hutandikia wakubwa vitanda, huchota maji yao, huimbishwa akiwa amesimama juu ya sanduku, hunyang’anywa maandazi aliyoletewa na mamake. Anayelalamika huitwa msaliti. Mwaka unaofuata yule aliyeonewa hupata mono wake. Hakuna wizara iliyoandika katiba hiyo, lakini imerithiwa kutoka kizazi hadi kizazi, na wazazi wengi waliopitia humo huwasimulia watoto wao wakicheka, kama ushahidi kwamba walikomaa. Hapo ndipo hatia ya watu wazima inapoanza, kwenye kicheko hicho.

Nyeri inatisha kwa sababu hiyo hasa. Wale wanne waliochomwa walikuwa watoto waliokabidhiwa na watu wazima kazi ya watu wazima: kuwasimamia wenzao mchana na usiku. Shule iliweka umbali kati yake na wanafunzi, ikawaweka viranja katikati, na chuki ilipofika ikawakuta wao. Haya hayawaondolei waliowasha kiberiti hata chembe ya lawama. Walijua kuna watu ndani. Lakini ni lazima iulizwe nani aliwapanga watoto hivyo, mmoja akiwa mlinzi wa mwenzake na wote wakiwa ndani ya ufunguo mmoja.

Elizabeth Cooper, mwanaanthropolojia aliyechunguza kwa miaka moto wa shule za Kenya, anaeleza kwamba wanafunzi wengi wanaochoma mabweni hawakusudii kuua. Mara nyingi huchagua saa ambayo bweni ni tupu, wenzao wakiwa darasani. Wanachoma kwa sababu wamejifunza kwamba moto unafanya kazi: wataruhusiwa kwenda nyumbani, mwalimu mkuu atahamishwa, chakula kitabadilika, mtu kutoka Nairobi atakuja kuuliza kulikoni. Barua iliyotiwa ndani ya sanduku la maoni haifanyi hivyo. Katika Kyanguli malalamiko yalikuwapo kabla ya moto, miongoni mwao matokeo ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) ya mwaka 2000 yaliyofutwa kwa madai ya udanganyifu. Mwaka 2016, zaidi ya shule 100 ziliteketea katika muhula wa pili, wakati waziri Fred Matiang’i alipokuwa akibana wizi wa mitihani na kubadilisha kalenda ya masomo. Wimbi la namna hiyo lilikuwa limepita mwaka 2008, na likarudi 2018 na 2021.

Umri wa anayejifunza somo hilo umeshuka. Septemba 2017 wasichana 10 walikufa bweni lilipoteketea katika Moi Girls, Nairobi. Mwanafunzi aliyepatikana na hatia ya kuua bila kukusudia alikuwa na miaka 14 wakati wa tukio, na mahakama ilisikia ushahidi kwamba alitaka kuhama shule hiyo. Alifungwa miaka mitano. Mtoto wa miaka 14 aliyetaka kwenda mahali pengine aliiona njia moja tu ya kutoka, na njia hiyo ikapita juu ya maisha ya wenzake kumi.

Wizara ya Elimu haikukaa kimya kabisa. Baada ya Kyanguli kulikuwa na jopokazi la Naomi Wangai. Baada ya 2008 kulikuwa na kamati ya bunge, na baada ya 2016 jopokazi jingine likiongozwa na Claire Omolo. Kanuni za usalama za mwaka 2008 ni fupi na mtu yeyote mwenye futi ya kupimia anaweza kuzikagua: bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kuelekea nje, isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma, kitanda na kitanda kiachane kwa mita 1.2. Sentensi hizo zimeandikwa kwa damu ya Kyanguli, na kabla yake ya Bombolulu, Kwale, ambako wasichana zaidi ya 20 walikufa Machi 1998 ndani ya bweni lililofungwa.

Hata hivyo, Septemba 2024, bweni la Hillside Endarasha Academy katika Kaunti ya Nyeri liliungua na wavulana 21 wakafa. Lilikuwa limelaza watoto zaidi ya 150. Hawa walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi. Ukaguzi uliofuata ukaifanya wizara ifunge mabweni ya shule za msingi 348 nchini. Kwamba kulikuwa na shule 348 za kufunga, miaka 16 baada ya kanuni kuchapishwa, ni jambo linalopaswa kuwakosesha usingizi watu wengi wenye vyeo.

Kwa Kitui na Makueni, badiliko kubwa zaidi huenda likaletwa na mtaala mpya, wala si na tume. Tangu 2023, sekondari msingi imewekwa ndani ya shule za msingi, kwa hiyo mtoto aliyekuwa akipelekwa bweni akiwa na miaka 13 sasa anaweza kulala kwao hadi gredi ya tisa. Anayeingia bweni baada ya hapo ana miaka 15 au zaidi. Ni nafuu, ila ataingia katika nyumba zilezile, na wazee wa bweni wenye mila zilezile.

Tangu 2009 shule za upili zimekuwa na mpango wa kuwachagua viongozi wa wanafunzi kwa kura, kupitia baraza la kitaifa la wanafunzi lililoungwa mkono na UNICEF. Pale baraza linapopewa nafasi ya kukaa na bodi na kusema chakula kimeoza, mlezi wa bweni ni mkali kupita kiasi, au mono wa bweni la pili halali, kiranja hugeuka kuwa mjumbe wa wenzake. Pale linapoteuliwa na naibu mwalimu mkuu na kutumwa kunong’ona, mambo yanabaki yalivyokuwa Nyeri mwaka 1999.

Mikutano ya wazazi na walimu hufanyika kila mwaka Wote, Mwingi, Mutomo, Sultan Hamud. Karo hujadiliwa kwa saa nzima, alama za hesabu kwa saa nyingine, basi la shule likafuata. Ajenda hiyo ina nafasi ya maswali matatu zaidi, na mwalimu mkuu anapaswa kuyajibu mbele ya watu: ufunguo wa bweni hukaa kwa nani usiku, mtu mzima gani hulala karibu nalo, na mara ya mwisho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kulalamika ilikuwa lini, akafanyiwa nini.