Mama, Umesaini Nini?

Basi la asubuhi kutoka Mbamba Bay linapanda milima ya Umatengo mpaka Mbinga mjini, kilometa 66. Zamani, kabla ya lami, mtu alifika akiwa amejaa vumbi au amejaa matope, na aliyebeba karatasi muhimu alizifunga kama mtoto mchanga. Siku hizi safari ni fupi, lakini akina mama wa ziwani bado wanazifunga hivyo hivyo.

Miaka michache iliyopita nilikaa kiti kimoja na mama wa upande wa Liuli, muuza dagaa. Ndani ya kanga alikuwa na bahasha ya kaki. Tulipovuka daraja la kwanza akaitoa, akaniangalia usoni.

"Dada, wewe unasoma bila miwani?"

Nikamwambia bado namshukuru Mungu kwa hilo. Akanipa karatasi. Ilikuwa fomu ya maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu, naye mama ndiye mdhamini. Mwenyekiti wa kijiji alikwisha kugonga mhuri. Sasa alikuwa anakwenda Mbinga kwa wakili aliye kamishna wa viapo.

"Waliniambia niweke sahihi hapa, nikaweka. Sasa dada, nimesaini nini?"

Mpenzi msomaji, swali hilo halijaniacha tangu siku ile. Wengi wetu tumeweka sahihi kwenye karatasi za watoto wetu kwa furaha ya kuona mtoto amefika chuo, na hatukuuliza.

Tulisoma pamoja, basi likizunguka kona. Nilimwonyesha kwamba fedha ile si zawadi. Binti ndiye mkopaji, na atailipa akianza kupata kipato. Mdhamini naye haweki sahihi kupamba ukurasa. Maneno yaliyoandikwa juu ya sahihi ndiyo yanayomfunga. Tena nikamweleza jambo ambalo hakulijua kabisa: "kupata mkopo" si lazima kupata wote. Kuna fungu la chakula na malazi, ambalo wanafunzi huliita boom, kuna ada, kuna vitabu na viandikwa, kuna mahitaji maalum ya masomo, kuna mafunzo kwa vitendo. Bodi hupima uwezo wa familia, na mtoto anaweza kupewa boom lote lakini ada nusu. Inayobaki ni ya mzazi.

"Baba yake yuko?" nikauliza.

"Alizama. Mwaka ule wa mwera mkali. Tulimpata siku ya tatu, tukamzika."

"Cheti cha kifo unacho?"

Akanitazama kama niliyemuuliza habari za mwezini. Kaburi lipo, kijiji kizima kilizika, mchungaji alisoma. Cheti cha nini tena?

Kaburi halisomeki Dar es Salaam

Hapa ndipo watoto wengi wa mwambao wanapojikwaa. Bodi huwatazama kwa namna ya pekee yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya zinazosaidiwa na TASAF. Lakini anayepanga majina hakumwona marehemu akitolewa majini. Anaona cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, au anaona nafasi tupu. Binti wa yule mama aliandika kwamba baba amefariki, asiambatishe kitu. Kwa macho ya fomu, baba yake alikuwa hai na pengine ana mitumbwi mitano.

Majina ya awamu ya kwanza yalipotoka, hakuwemo. Awamu iliyofuata, hakuwemo.

Pale kijijini watu wakasema ndiyo basi tena, Mungu hakupenda. Mimi sipendi usemi huo unapotumika mahali ambapo kilichokosekana ni karatasi. Kila mwaka, baada ya kupanga mikopo, Bodi hufungua dirisha la rufaa. Mwombaji huingia kwenye akaunti yake ya mtandaoni na kuweka vielelezo vilivyokosekana. Ni haki yake, si hisani ya ofisa. Ila dirisha hilo lina siku zake, na likifungwa limefungwa.

Kifo kilichopita bila kusajiliwa bado kinaweza kusajiliwa. Kuchelewa huongeza maelezo na mashahidi, lakini hakufuti haki. Yule mama alipanda na kushuka kati ya kijiji na ofisi ya msajili wa wilaya mara nne. Aliyemsaidia hakuwa wakili. Alikuwa msichana wa Mbinga, msaidizi wa kisheria, aliyemwandikia barua kwa lugha inayokubalika ofisini na kumwambia aende na nani kutoka kijijini. Wapo wasaidizi wa namna hiyo nchini, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kazi yao inatambuliwa rasmi. Hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani kama wakili. Msaada wao ni wa bure, na anayekudai "chai" ili akusaidie amekwisha kujitoa mwenyewe katika kundi hilo.

"Shikamoo mama," alimwambia siku ya kwanza, "kabla ya yote, niambie umekopa wapi ili mtoto aende chuo."

Alijuaje? Kwa sababu wote wamekopa.

Kausha damu

Chuo hakisubiri rufaa. Mtoto anatakiwa aripoti, alipie usajili, apate godoro na chakula. Mama alikuwa amechukua laki tatu kwa mkopeshaji wa mjini, arudishe laki nne baada ya siku thelathini. Watu wameipa mikopo hii jina la kausha damu, na sijasikia jina lililofaa zaidi. Aliacha dhamana nyavu za marehemu mumewe na jokofu la kaka yake.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina aibu. Wakopeshaji wadogo wasiopokea amana wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na riba yao imewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu hiyo ni shilingi 10,500. Yeye alidaiwa 100,000. Yule msichana aliuliza maswali mawili tu kwa mkopeshaji: leseni yako iko wapi, na mkataba uko wapi? Leseni haikuonekana. Mkataba ulikuwa daftari la shule lenye sahihi ya mama na neno "nimekubali". Walielewana alipe mtaji na nyongeza ndogo kwa miezi mitatu. Nyavu zilirudi. Jokofu lilikwisha kuuzwa, na kaka mtu mpaka leo hasemi sana na dada yake.

Akina mama wenzangu watasema, je, mikopo ya halmashauri? Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, haina riba, na baada ya kusimamishwa mwaka 2023 ilirudi 2024. Ni mizuri, lakini ni ya vikundi na ni ya biashara. Anayeichukua kulipia ada anawatwisha wenzake wa kikundi deni la mwanawe.

Mtoto akishapata kazi

Upande wa pili wa jambo hili naujua kwa sababu uliingia nyumbani kwetu. Mdogo wangu ni mwalimu. Alifundisha shule moja binafsi, mkoa mwingine, na kila mwezi kwenye hati yake ya mshahara palikuwa na mstari wa makato ya Bodi. Siku alipohama akaomba taarifa ya deni lake. Deni lilikuwa karibu lile lile. Mwajiri alikata, hakupeleka.

Sheria ya Bodi inamtaka mwajiri aitaarifu Bodi ndani ya siku 28 tangu amwajiri mhitimu, kisha amkate na kupeleka fedha hizo kila mwezi. Asipofanya hivyo, kosa ni lake na adhabu ni yake. Lakini mfanyakazi lazima aonyeshe kwamba alikatwa. Mdogo wangu alikuwa na slipu za miezi fulani, nyingine alifungia maandazi. Barua iliandikwa kwa mwajiri, nakala kwa Bodi, na slipu zikaambatishwa. Miezi iliyokuwa na karatasi ilihesabiwa. Ile ya maandazi bado wanabishania.

Ili tuelewe kwa nini mstari mmoja kwenye mshahara una uzito huo, turudi nyuma kidogo. Wazazi wetu walisomeshwa chuo kikuu na Serikali. Miaka ya tisini ulikuja utaratibu wa kuchangia gharama, na fedha zilizotolewa kwa wanafunzi tangu Julai 1994 zikahesabiwa kuwa mkopo. Bodi yenyewe iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005. Watu wengi waliokuwa wamekwisha kusahau, wana wajukuu, wakakuta wanadaiwa.

Makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, yakawa 15, na waliotia sahihi mikataba inayosema 8 wakakatwa 15 pia. Hapo kelele zilikuwa nyingi, na kwa maoni yangu zilikuwa za haki: mtu amepanga nyumba, amepanga ada ya wadogo zake, kwa hesabu ya karatasi aliyoisaini. Lakini angalia upande mwingine wa hesabu. Palikuwapo tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Anayedaiwa milioni 10 alikuwa anaongezewa 600,000 kwa mwaka. Kama mshahara wake ni 600,000, asilimia 8 ni 48,000 kwa mwezi, yaani 576,000 kwa mwaka. Analipa kila mwezi, hakosi, na deni linakua!

Vyama vya wafanyakazi vililia na tozo hiyo kwa miaka. Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta. Adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa ikaondolewa pia, na mabadiliko yakaanza Julai 1 mwaka huo. Asilimia 15 ya mshahara ilibaki.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia ya mahakama. Wahitimu watatu waliishtaki bodi ya mikopo ya huko, iliyoanzishwa 1995, wakisema riba na faini zimefanya wadaiwe zaidi ya mara mbili ya walichokopa. Mwaka 2022 Jaji Alfred Mabeya wa Mahakama Kuu alikubaliana nao: kanuni inayozuia riba kuzidi mtaji, ambayo mabenki yamefungwa nayo, inaifunga bodi ya wanafunzi pia.

Kwetu mlango huo ni mwembamba zaidi. Ibara ya 11 ya Katiba inasema Serikali iweke utaratibu wa kuwezesha haki ya kujielimisha, na watu wengi huishika kama rungu. Lakini Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama. Ndiyo maana watetezi wa wanafunzi na wakopaji hapa nchini hufanya kazi kubwa zaidi katika mambo madogo: mkataba unasemaje, taarifa ilitolewa lini, rufaa ilijibiwa au haikujibiwa, mwajiri alipeleka au alikula. Si kazi ya kupigiwa makofi. Nimeona lakini jinsi inavyomrudisha mtoto darasani.

Mwaka 2016 tuliona inavyokuwa pale wanafunzi wanapoguswa wote kwa pamoja. Mwezi Mei zaidi ya 7,000 wa stashahada maalum ya ualimu waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma kwa muda wa saa chache, wakajaa stendi na mabegi yao. Wakati kama ule, mwenye barua ya udahili na risiti mkononi ana pa kuanzia kuuliza. Aliyeziacha bwenini hana.

Bahasha ya kaki

Rufaa ya yule binti ilikwenda ikiwa na cheti cha kifo cha baba yake, kimehakikiwa. Alipata boom na sehemu ya ada. Sehemu iliyobaki mama aliilipa kwa mafungu, kwa dagaa na mihogo, baada ya binti kuandika barua chuoni kuomba alipe kidogo kidogo na kupewa jibu la maandishi. Jibu hilo nalo limo kwenye bahasha.

Nilionana naye tena mwaka jana, Mbinga sokoni. Mdogo wake yule binti naye amemaliza kidato cha nne na anataka stashahada, na tangu 2023 Bodi inakopesha baadhi ya kozi za ngazi hiyo pia. Mama alikuwa ametangulia kwenda kulinganisha jina la kwenye cheti cha kuzaliwa na lile la cheti cha shule, kwa sababu moja lina herufi "h" na jingine halina.

"Safari hii," akaniambia, "sisaini mpaka wanisomee."

Akafungua kanga kunionyesha. Bahasha zilikuwa mbili.