Zimwi moja, hadithi mbili: Siri iliyo ndani ya kanda za Godzilla

JUMAMOSI moja jioni mpwa wangu, ambaye ni mwanafunzi wa shule ya upili, alikuja kunitembelea akanikuta nikipangusa vumbi kwenye kanda zangu za zamani za video. Akachukua moja, akaitazama picha ya jalada, akaangua kicheko.

"Mjomba, kwani bado unatazama huyu mjusi? Si huyu ni mtu tu amevaa mpira?"

Sikumlaumu. Yeye amemjua Godzilla kupitia filamu za Hollywood zinazotengenezwa kwa kompyuta. Nilimwambia aketi, nikamwekea filamu mbili moja baada ya nyingine. Zote mbili zilikuwa za Godzilla yule yule, anayevamia mji ule ule wa Tokyo. Lakini kufikia saa nne usiku kijana alikuwa ametambua jambo ambalo wakusanyaji wa filamu hizi wamelijua kwa miaka mingi: si kila kanda yenye jina la Godzilla inasimulia hadithi moja.

Msomaji, hilo ndilo linalofanya watu wazima, wenye kazi na familia, kutumia pesa zao kutafuta kanda na diski za mazimwi ya Kijapani. Wapo wanaodhani ni utoto. Si utoto hata kidogo.

Lilitoka wapi zimwi hili?

Filamu ya kwanza, iliyoitwa Gojira, ilianza kuonyeshwa Japani Novemba 3, 1954. Ilitengenezwa na kampuni ya Toho. Mtayarishaji alikuwa Tomoyuki Tanaka, mwelekezi Ishiro Honda, na aliyebuni mbinu za kumfanya zimwi aonekane mkubwa kama jengo la ghorofa alikuwa Eiji Tsuburaya. Jina lenyewe ni muungano wa maneno mawili: gorila, na kujira, ambalo kwa Kijapani ni nyangumi. Filamu za aina hii Wajapani huziita za kaiju, yaani mnyama wa ajabu. Sisi tungesema zimwi au dubwana.

Lakini zimwi hili halikutoka kwenye ngano za bibi. Miezi minane kabla ya filamu hiyo, Machi 1, 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki. Mashua ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Hata hivyo, majivu meupe yaliwanyeshea wavuvi wote 23. Waliugua, na Septemba 23 mwaka huo huo mtumishi wa redio wa mashua hiyo, Aikichi Kuboyama, akafariki. Samaki aina ya jodari wenye sumu ya nyuklia walipatikana sokoni, na watu wakaogopa kula samaki.

Wajapani waliokwenda kutazama Gojira hawakuhitaji kuelezwa chochote. Filamu inaanza na chombo kinachoteketea baharini baada ya mwanga mkali. Ilikuwa miaka tisa tu tangu Hiroshima na Nagasaki kulipuliwa kwa mabomu ya atomiki. Honda mwenyewe alikuwa mwanajeshi, na aliporejea kutoka vitani Uchina alipita Hiroshima akaona magofu kwa macho yake.

Na huyo "mtu aliyevaa mpira" alikuwa Haruo Nakajima. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, na ndani yake joto lilikuwa kama la tanuri. Nakajima aliifanya kazi hiyo tangu 1954 hadi 1972. Kamera ziliendeshwa kwa kasi kuliko kawaida ili picha inapoonyeshwa, kila hatua ya zimwi ionekane nzito. Ule mngurumo wake maarufu ulibuniwa na mtunzi wa muziki Akira Ifukube, kwa kutumia glavu ya ngozi iliyosuguliwa kwenye nyuzi za zeze kubwa la besi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mwanahabari aliyeongezwa

Hapo ndipo shida ya mkusanyaji inapoanza. Filamu hii ilipouzwa Marekani mwaka 1956, wanunuzi hawakuionyesha ilivyokuwa. Walimleta mwigizaji Raymond Burr, ambaye wazee watamkumbuka kama wakili Perry Mason, wakampiga picha akiwa mwanahabari wa Kimarekani aliyefika Tokyo wakati wa maafa. Picha hizo mpya, za kiasi cha dakika 20, wakazipachika ndani ya filamu. Filamu ya Kijapani ni ya dakika 96. Ile ya Marekani, iliyoitwa Godzilla, King of the Monsters!, ni ya dakika 80. Piga hesabu mwenyewe ujue ni kiasi gani kilichotupwa.

Na kilichotupwa si mambo ya ziada. Katika filamu ya Kijapani yumo mwanamke ndani ya gari moshi anayelalamika juu ya jodari wenye sumu, kisha anasema kwamba alinusurika Nagasaki na sasa analetewa Godzilla. Maneno hayo hayamo katika toleo la Marekani. Aidha, mwishoni mwa filamu ya Kijapani, profesa mzee Yamane anaonya kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea, huenda Godzilla mwingine akatokea. Kwa Wamarekani, onyo hilo liliondolewa na badala yake mwanahabari anatuambia kwamba hatari imepita na dunia inaweza kuishi tena.

Nyumbani kwangu tulianza na hiyo ya Marekani, na mpwa wangu alicheka tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha tukaweka ya Kijapani. Tokyo ikiwaka moto, mama mmoja amekaa chini ya ukuta akiwakumbatia watoto wake, akiwaambia kwamba hivi karibuni watakuwa pamoja na baba yao. Kijana alinyamaza kidogo, akauliza, "Mjomba, kwani baba yao yuko wapi?"

Nikamwambia filamu haisemi, lakini ni wazi kwamba ameshakufa. Yamkini kila mtu aliyekuwa ukumbini mwaka 1954 alidhani ni vitani. Hakucheka tena.

Kitufe cha kombora

Si filamu ya kwanza tu iliyofanyiwa ukarabati. Mwaka 1984 Toho ilimrudisha Godzilla baada ya kimya cha miaka tisa. Katika filamu hiyo kuna meli ya Kisovieti yenye mitambo ya kurushia kombora la nyuklia. Meli inaharibika, mitambo inaanza kujiendesha, na ofisa wa Kisovieti anakufa akijaribu kulizuia kombora. Mwaka uliofuata filamu ikaingia Marekani kwa jina la Godzilla 1985, na Raymond Burr akarejeshwa. Huko picha zilipangwa upya, na ofisa yule yule akageuzwa kuwa mtu anayelirusha kombora kwa makusudi. Ulikuwa wakati wa Vita Baridi. Kwa kukata na kuunganisha tu, shujaa aligeuzwa adui.

Wazazi, huenda hakuna somo bora kuliko hili la kuwafunza watoto jinsi habari zinavyoweza kupindwa. Waonyeshe matoleo yote mawili, kisha waulize ni lipi lilitangulia.

Zipo pia hadithi za uongo walizozivumisha mashabiki wenyewe. Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba katika King Kong vs. Godzilla ya mwaka 1962, Wajapani walitazama Godzilla akishinda na Wamarekani wakatazama King Kong akishinda. Si kweli. Katika matoleo yote wawili hao wanaporomoka baharini na King Kong ndiye anayeonekana akiogelea kuelekea kwao. Aliyeimaliza hoja hiyo si mjuzi fulani, bali ni watu waliozipata kanda zote mbili wakazitazama.

Majina yanayochanganya

Mkusanyaji mgeni anaweza kununua filamu moja mara mbili bila kujua. Filamu ya pili ya Godzilla, ya mwaka 1955, iliingia Marekani 1959 ikiitwa Gigantis, the Fire Monster. Mothra vs. Godzilla ya 1964 iliuzwa kama Godzilla vs. The Thing. Ile ya 1971, ambamo Godzilla anapambana na Hedorah, zimwi lililotokana na uchafu wa viwanda, iliitwa Godzilla vs. the Smog Monster. Kwa hiyo usitazame jina la jaladani pekee. Tazama mwaka, lugha na idadi ya dakika.

Tazama pia upana wa picha. Kuanzia King Kong vs. Godzilla, filamu za Godzilla zilipigwa kwa picha pana. Zilipohamishiwa kwenye kanda za kutazamia runinga za zamani, zilizokuwa karibu mraba, zaidi ya thuluthi moja ya picha ilikatwa pembeni. Mazimwi mawili yanatazamana tayari kwa vita, lakini wewe unaliona moja tu.

Kabla ya kutoa pesa zako

Kwa anayekusanya akiwa hapa Kenya, yapo mengine ya kujihadhari nayo. Enzi za runinga za analogi Kenya ilifuata mfumo wa PAL, ilhali Japani na Marekani zilitumia NTSC. Kanda ya VHS kutoka nchi hizo ikitiwa kwenye mashine ya PAL pekee, picha huruka-ruka au hutoka bila rangi. Unahitaji mashine inayokubali mifumo yote.

Diski nazo zina mipaka yake. Kwa DVD, Kenya imo katika eneo la 5, Japani eneo la 2 na Marekani eneo la 1. Kwa Blu-ray, Japani na Marekani zimo katika eneo A, na Afrika katika eneo B.

Mimi nilijifunza hayo kwa uchungu. Niliwahi kuagiza diski kutoka ng'ambo kwa pesa nilizodunduliza kwa miezi kadhaa. Ilipofika niliwaita jamaa wote sebuleni. Mashine ikaandika kwamba diski si ya eneo letu. Mke wangu hakusema neno. Alitabasamu tu akaenda kuandaa chai.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi kidogo. Gojira ya Kijapani ilisambazwa katika majumba ya sinema ya Marekani mwaka 2004, ikitimiza miaka 50. Mwaka 2006 ilitolewa huko kwa DVD pamoja na toleo la Raymond Burr, ili mtu ajilinganishie mwenyewe. Mwaka 2019 kampuni ya Criterion ilitoa kasha la Blu-ray lenye filamu zote 15 za Godzilla za kati ya 1954 na 1975. Kabla ya hapo mashabiki walio nje ya Japani walinakilishana kanda za Kijapani zisizo na tafsiri, wakitazama bila kuelewa neno.

Akiba inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wameiona kanda ya video. Utepe wake huota kuvu, hasa mahali penye unyevu kama pwani. Zihifadhi kanda zikiwa zimesimama kama vitabu, mbali na jua na mbali na vipaza sauti, kwa sababu sumaku yake hufuta picha. Kivunje kile kipande kidogo cha plastiki kilicho ukingoni mwa kaseti, mtu asije akarekodi harusi juu ya Godzilla wako. Isitoshe, kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Ukiwa na mashine nzima, itunze, na uhamishie kanda zako kwenye kompyuta ingali inafanya kazi.

Hata wenye filamu huzipoteza. Toho ilipotaka kuionyesha tena King Kong vs. Godzilla mwaka 1970, iliifupisha kwa kukata negativi asilia, na vipande vilivyokatwa vikapotea. Toleo kamili lilisafishwa upya mwaka 2016 tu. Kwa miaka yote ya katikati, aliyetaka kuiona filamu nzima ilimbidi aridhike na sehemu zilizochakaa.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni huu. Nunua Gojira ya 1954 kwanza, ya Kijapani, yenye maandishi ya tafsiri chini ya picha. Kwa watoto wadogo tafuta Mothra ya 1961, nondo mkubwa mwenye huruma. Kisha, ukipenda, tazama Godzilla Minus One ya mwaka 2023, iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2024 kwa mbinu zake za picha. Hiyo inarudi pale pale Honda alipoanzia, katika Japani iliyoharibiwa na vita.

Mpwa wangu aliondoka usiku ule na kanda moja mkononi. Haikuwa ile ya jalada lenye rangi aliyoicheka mwanzoni, bali ya Kijapani, isiyo na rangi. Anasema Jumapili atakuja na wenzake wawili. Nimemwambia waje na bisi, na waje mapema, kwa maana wataona filamu mbili.