Kalipa inayong'ang'ania: kagua kabla ya kushuka Bujumbura
Kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, barabara ya RN1 hushuka hadi Bujumbura, chini ya mita 800. Katika mteremko huo, kalipa isiyoachia diski huweza kuchemsha mafuta ya breki, na pedali ikazama bila kushika.

Dalili: gari huvuta upande mmoja, harufu ya kuungua, rimu moja ya moto kuliko nyingine.

Zuia magurudumu mengine, piga jeki, zungusha gurudumu. Likiwa zito, legeza nati ya kutolea upepo. Likiachia, huenda mpira wa breki umeziba ndani, badilisha. Lisipoachia, safisha pini, paka grisi ya breki. Pistoni yenye kutu ibadilishwe. Kisha toa upepo.