Would ya Mazoea

Shuleni tunafundishwa mapema kwamba would ni -nge-. "I would go", ningekwenda. Basi. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayowapoteza wasomaji wengi wa riwaya za Kiingereza.

Tazama sentensi hii: "If it rained, we would stay at home." Ina maana mbili ambazo kwetu hazichanganyiki kamwe. Ya kwanza: ingenyesha mvua, tungebaki nyumbani, hapo mvua ni ya kufikiria tu. Ya pili: mvua ikinyesha, tulikuwa tukibaki nyumbani, hapo mvua ilinyesha kweli, tena mara nyingi, na kila iliponyesha watu hawakutoka. Kiswahili huamua kwa kiambishi, -nge- au -ki-. Kiingereza humwachia msomaji aamue kwa muktadha.

Na muktadha hausemi kwa sauti ya chini. Msimulizi akitanguliza "when I was a child" au "in those days", ujue anaeleza mazoea. Ukiweza kuweka whenever mahali pa if na maana isiharibike, ni mazoea vilevile. Hata kitenzi husaidia: "If he was late, he would phone" yaweza kuwa desturi ya mtu fulani, lakini "If he were late" ni dhana tupu.

Would hii hutaka tendo linalojirudia, haitaki hali. Husemi "She would live in Leeds" ukimaanisha aliwahi kuishi huko. Hapo ni "used to live". Ndiyo maana wasimulizi wazuri hufungua kwa used to, kisha would ikaendesha kisa.

Would ni wakati uliopita wa will, na will ya kale ilimaanisha kutaka. Njia hiyo tunaijua: -ta- yetu ya wakati ujao imetoka katika -taka, na bado inaonekana nzima katika "atakayekuja". Kiingereza kilisogea mbele zaidi. Mtu hulifanya alitakalo. Akilirudia, likawa tabia. Likishakuwa tabia, watu wakalitarajia kwake.

Matarajio hayo yalisikika mahakamani London mwaka 1963, katika kesi ya tabibu Stephen Ward. Shahidi Mandy Rice-Davies, msichana wa miaka 18, aliambiwa kwamba kabaila Lord Astor amekanusha madai ya msichana huyo kwamba walikuwa na uhusiano wa kimapenzi. Akajibu: "He would, wouldn't he?" Would hiyo hutamkwa kwa mkazo, wala haikatwi ikawa 'd. Anayeifasiri kwa "angekanusha" anaua jibu zima, kwa maana Lord Astor alikuwa ameshakanusha. Alichosema msichana yule ni: ulitarajia aseme nini kingine?