Kompyuta Moja ya Odessa, Seva Moja ya Ghana

Kirusi kilichoiangusha kampuni ya meli ya Maersk kilipitia kwenye programu ya kodi. Kampuni nyingi za Ukraine huwasilisha kodi kwa programu iitwayo M.E.Doc. Wadukuzi, ambao Marekani na Uingereza baadaye zilisema ni wa jeshi la Urusi, waliziteka seva za watengenezaji wake, na tarehe 27 Juni 2017 wakaitumia njia ya masasisho ya programu hiyo kusambaza kirusi hicho, NotPetya. Katika ofisi ya Maersk mjini Odessa programu hiyo ilikuwa kwenye kompyuta moja tu. Ikatosha.

NotPetya ilikuwa na njia mbili za kusambaa. Ya kwanza, EternalBlue, ilitengenezwa na shirika la kijasusi la Marekani, NSA, ikaibwa na kumwagwa hadharani Aprili mwaka huohuo. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka Machi, kwa hiyo mwenye kompyuta iliyosasishwa angedhani amepona. Kumbe kulikuwa na ya pili, iliyoiga Mimikatz, programu ya Mfaransa Benjamin Delpy inayochokoa nywila zilizobaki kwenye kumbukumbu ya Windows. Fundi wa IT akiwa ameingia kwenye kompyuta yako kwa akaunti ya msimamizi, nywila yake inaweza kubaki humo. Kirusi kikiipata, kinahamia kwenye kila mashine inayoitambua, iwe imesasishwa au la.

Skrini zilidai dola 300 kwa bitcoin. Danganya toto: namba ya utambulisho iliyoonyeshwa ilikuwa ya kubahatisha, na hata aliyelipa asingepata ufunguo wa faili zake.

Ila mimi kinachonishangaza ni kwamba kompyuta ya Odessa ilikuwa na njia ya kufika hadi kwenye mifumo ya geti la bandari ya Elizabeth, New Jersey, ambako malori yalikwama foleni siku hiyo. Sehemu ya chini ya meli hugawanywa vyumba visivyopitisha maji ili tundu moja lisizamishe chombo kizima. Mtandao wa wenye meli hizo haukugawanywa vya kutosha, na watu wao wa ndani walishaonya. Wala si teknolojia ya ajabu. Swichi za maofisini za leo zinaweza kutenganisha idara ya uhasibu, kamera za ulinzi na Wi-Fi ya wageni, kisha fayawoli ikaamua nani aongee na nani. Ni kazi ya kuchosha isiyoonekana na mtu, na hata katika ofisi zetu huwa ya kwanza kuahirishwa bajeti ikibana.

Maersk ilikuwa na seva zipatazo 150 zinazotunza rejista ya watumiaji: nani ni nani, na anaruhusiwa kuingia wapi. Zilinakiliana, hivyo ikifa moja nyingine zingeijaza. Hakuna aliyepiga hesabu ya zote kufa kwa mpigo. Bila rejista hiyo, kuzifufua kompyuta nyingine kusingesaidia kitu.

Ikapatikana moja nzima, Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, na kirusi kilipopita seva ilikuwa nje ya mtandao. (Sisi tunaolaani kukatika kwa umeme, safari hii tunyamaze.) Intaneti ya pale ilikuwa ya kusuasua, kutuma mamia ya gigabaiti hadi Uingereza, ambako kazi ya kuifufua mifumo ilikuwa ikiendeshwa, kungechukua siku kadhaa, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya huko. Basi mmoja akapanda ndege na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye akaifikisha London.

Januari 2018, huko Davos, mwenyekiti wa Maersk wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alisema walisimika upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 kwa siku kumi. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 250 hadi 300. Tangu hapo maombi ya wataalamu wa usalama wa Maersk, uthibitisho wa hatua mbili ukiwemo, yakawa yanapitishwa karibu bila mjadala.