Siku Moja ya Semina Haimtoshi Mwalimu

Juni 2015, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilitoa miito 94 ya utekelezaji. Mwito wa 62 unawagusa walimu moja kwa moja: uandaliwe mtaala wa lazima kuhusu shule za bweni walikopelekwa watoto wa jamii asilia, na vyuo vipewe fedha za kuwaandaa walimu kuingiza darasani maarifa ya jamii hizo pamoja na mbinu zao za kufundisha. Mwenyekiti wa tume, Jaji Murray Sinclair, hakuchoka kusema kwamba elimu ndiyo iliyoleta balaa hili na elimu ndiyo itakayoliondoa. Kwa mwalimu huo ni mzigo mkubwa, maana shule ile ile iliyotumika kubomoa ndiyo inayoombwa kujenga.

Msomaji wa huku Afrika Mashariki akisikia shule ya bweni hukumbuka tranka, ada na maharage ya jioni. Zile za Kanada zilikuwa kitu kingine kabisa. Kuanzia miaka ya 1880 hadi miaka ya 1990, watoto wapatao 150,000 walitengwa na wazazi wao, mara nyingi kwa shuruti, wakawekwa katika shule zilizogharamiwa na serikali na kuendeshwa na makanisa. Walikatwa nywele, wakapewa majina mapya, wakachapwa kwa kusema lugha za kwao. Aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kikuyu, Kijaluo au hata Kiswahili anaijua sehemu ya adhabu hiyo. Ni sehemu tu, kwani wengi wetu jioni tulirudi kwa mama.

Jimbo la British Columbia limeupokea mwito huu kwa uzito kuliko majimbo mengi. Mwaka 2019 liliongeza kiwango cha tisa katika maadili na viwango vya taaluma ya ualimu, kinachomtaka kila mwalimu aheshimu historia ya jamii asilia na kuchangia ukweli, maridhiano na uponyaji. Walimu wakatengewa siku nzima isiyo na vipindi ili wajifunze mambo haya. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, mwanafunzi hahitimu sekondari bila kusoma somo linalohusu jamii asilia. Nayapongeza hayo yote. Swali langu ni nini hutokea ndani ya siku hiyo, na baada yake.

Zoezi linalofahamika sana katika semina hizi ni la mablanketi, lililobuniwa 1997 kufuatia ripoti ya Tume ya Kifalme kuhusu jamii asilia. Mablanketi hutandikwa sakafuni yawe ndiyo ardhi. Washiriki huvua viatu na kusimama juu yake kama wenyeji. Msimulizi husoma historia: mikataba, ndui, sheria, shule. Kadiri anavyosoma, blanketi hukunjwa, na aliyepewa kadi huambiwa atoke kwa sababu amekufa au amechukuliwa. Mwishoni hubaki watu wachache wamebanana kwenye vipande vidogo, kisha wote huketi duara na kuzungumza. Wapo wanaolia. Mtu aliyeona ardhi ikikunjwa chini ya nyayo zake hasahau upesi. Lakini kesho yake kipindi cha kwanza ni hisabati, na machozi ya jana hayamwambii mwalimu afundishe nini.

Susan Dion, msomi wa Chuo Kikuu cha York mwenye asili ya Lenape na Potawatomi, ameandika juu ya kikwazo kilicho ndani zaidi. Walimu wengi hujieleza kama wageni kabisa kwa jamii asilia: hawakukua nao, hawawajui, hawana la kusema. Ugeni huo ni kinga, kwa kuwa asiyejua halaumiwi wala hatarajiwi kufundisha. Kwa hiyo mafunzo anayoyatetea Dion hayaanzi na orodha ya mada. Huanza na mwalimu kuuchunguza uhusiano wake mwenyewe na watu hao, pamoja na picha alizopandikizwa akilini tangu utotoni. Kazi hiyo haimalizwi kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Isipofanyika, mzigo wote humwangukia mwalimu mmoja mwenye asili hiyo, akageuzwa mshauri wa shule nzima bila kupunguziwa vipindi.

Gumu lingine ni la ufundishaji wenyewe. Jo-ann Archibald wa taifa la Stó:lō alijifunza kwa wazee wa kwao na wa jamii jirani za Coast Salish, na mwaka 2008 akachapisha kitabu kuhusu kufundisha kwa hadithi. Wazee hao hawaifafanui hadithi wakishaisimulia; humwachia msikilizaji aitafutie maana, hata ikichukua miaka. Mwalimu aliyezoea kufunga kitabu na kuuliza hadithi hii inatufundisha nini itambidi aache mazoea yaliyo kama mkono wake wa kuume. Tena zipo hadithi ambazo ni mali ya ukoo fulani, na zipo zinazosimuliwa majira ya baridi tu. Kutoa nakala na kuzigawa darasani bila ruhusa ni kuwanyang'anya watu mara ya pili. Mipaka hiyo hufunzwa kwa kukaa na wenye hadithi.

British Columbia ina jamii asilia zipatazo 200 zinazoitwa Mataifa ya Kwanza, na lugha zao ni zaidi ya 30, kwa hiyo mkufunzi mmoja mwenye slaidi zake hawezi kusema kwa niaba ya wote. Tanzania, kupitia mpango wake wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), imechagua walimu wakutane shuleni kwao mara kwa mara, wajadili somo walilofundisha juzi. Mfumo wa namna hiyo ungefaa huko pia, kwa sharti moja: taifa lenye ardhi ambapo shule imejengwa liwe na kauli juu ya kinachofundishwa, na mzee anayekuja kuwafunza walimu alipwe kama mkufunzi na aalikwe tena muhula unaofuata. Pasipo hayo siku ya semina itajaza kalenda tu, na Mwito wa 62 utabaki bila jibu.